Adhana Iliyotoka Upande Usio Wake

Mamangu aliletwa Nairobi kutoka Mombasa akiwa bibi harusi mpya, akafikia Ngara, na hadi leo hajahama. Alitulea mimi na ndugu yangu mdogo katika nyumba ya kupanga ya orofa ya pili, akishona mabuibui na sare za shule sebuleni. Macho yake yalipoanza kufifia hatukugundua, kwa sababu hakuacha kutembea. Alikwenda sokoni, akaenda msibani, akaenda Parklands kusalimia rafiki zake, na akarudi na habari zote. Tulikuja kujua siku alipomiminia chai nje ya kikombe na kuendelea kuzungumza.

Daktari alisema ni presha ya macho, ugonjwa unaokula kuona kwa mtu kutoka pembeni kuingia kati. Kwa dawa na kliniki ya mara kwa mara, alisema, kile kidogo kilichobaki kinaweza kulindwa. Kliniki ilikuwa Parklands, ndani ya hospitali ambayo mama aliijua tangu alipomzaa humo ndugu yangu. Alikataa fimbo nyeupe. Alibeba mwamvuli wa bluu, mvua au jua, akigongagonga nao ukingo wa barabara kana kwamba ni mazoea tu ya mwanamke mzee.

Shida ni kwamba Parklands aliyoijua ilikuwa ikiondoka chini ya miguu yake. Zile nyumba za zamani zenye vigae na bustani ndefu zilianza kuanguka moja baada ya nyingine. Leo ni nyumba, kesho ni uzio wa mabati, mwakani ni jengo la vioo ambalo kilele chake hukioni mpaka uvunje shingo. Vichochoro vilivyopita kati ya viwanja vilizibwa. Kila tulipompeleka kliniki mama aliuliza, "Hapa pana nini sasa?" nasi tukamjibu, naye akapanga upya kichwani.

Na watu nao waliacha kuelekezana. Zamani ukiuliza nyumba ya mtu uliambiwa pita msikiti, ukifika penye mzambarau kata kushoto, uliza kwa muuza magazeti. Siku hizi mtu anakutumia alama kwenye simu, basi. Ndugu yangu, ambaye ni fundi wa simu na ana kibanda chake katikati ya mji, aliona hiyo ni neema. Alimnunulia mama simu, akaipanga ili mimi na yeye tuweze kuona mahali alipo wakati wowote, kitone cha kijani juu ya ramani. Kwa miezi mingi kitone hicho kilikaa Ngara, nami nilikitazama nikiwa ofisini jinsi mtu anavyochungulia chungu jikoni.

Siku ninayoisimulia, mama alikuwa na miadi ya kliniki kabla ya adhuhuri. Ndugu yangu alikuwa na kazi Parklands asubuhi hiyo, kwa hiyo tulikubaliana kwamba mimi nitaagiza gari kupitia simu, limchukue mama nyumbani, naye atampokea mlangoni mwa hospitali.

"Mwadhani mie mtoto mchanga," mama alinung'unika nilipompigia. "Gari la mtu nisiyemjua."

"Mama, ni dakika chache tu. Kijana wako atakuwa mlangoni."

"Haya. Mungu ndiye dereva."

Jirani alimshusha ngazi, akamwingiza garini na kufunga mlango. Niliona kwenye skrini kigari kikiondoka Ngara, kikapinda, kikasimama kwenye foleni, kikaendelea. Nikarudia kazi yangu. Baadaye kidogo simu ikatoa mlio: abiria amefika. Nikashusha pumzi.

Ndugu yangu akanipigia. "Dada, hilo gari liko wapi? Niko hapa mlangoni."

"Limeshafika. Inaniambia amefika."

"Hapa hakuna gari. Niko kwenye ngazi kabisa."

Nilimwambia aangalie upande wa pili, labda kuna mlango mwingine. Nilimsikia akikimbia, akiwauliza watu, akihema. Nikampigia mama. Simu iliita hadi ikakatika. Nikapiga tena. Nikampigia dereva, hakushika. Ndipo nikafungua ramani ya kile kitone cha kijani. Kitone hakikuwa Parklands. Kilikuwa Waiyaki Way, kimeshapita Kangemi, na kilikuwa kinakwenda kasi kuelekea nje ya mji.

Sikumbuki niliaga vipi ofisini. Nakumbuka nikiwa nyuma ya pikipiki, kofia ya kuazima ikinuka jasho la watu wengine, mkono mmoja umeshika koti la mwendeshaji na mwingine umeshika simu. Tulipita chini ya ile barabara ya juu yenye nguzo nene kama minara, magari yakivuma juu ya vichwa vyetu. Kila tulipotoka kivulini nilitazama skrini. Kitone kilikuwa mbele yetu, na kila nilipokitazama kilikuwa mbali zaidi.

Ndugu yangu alipiga tena. "Naona anapelekwa! Unaona?"

"Naona. Niko njiani."

"Mimi nakwenda polisi."

"Usiondoke hapo," nilimwambia. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Nilikuwa nina hakika, kama yeye, kwamba mama yetu alikuwa ndani ya lile gari. Lakini kitu fulani kilinikataza tuwe sote wawili tunakimbiza kitone kimoja. "Baki Parklands. Uliza watu. Uliza kila mtu."

Kitone kilisimama Kinoo. Mwendeshaji wa pikipiki, nilipomwelezea kwa kumpigia kelele sikioni, aliinama mbele na kuongeza mwendo. Tulikuta gari jeupe limeegeshwa kando ya barabara, karibu na wauza viazi, nambari ni zile zile nilizokuwa nazo kwenye simu. Dereva alikuwa amesimama nje akimsaidia mwanamke mmoja, abiria wake mpya, kushusha magunia kutoka kwenye buti. Nilimrukia.

"Mama yangu yuko wapi?"

Alishtuka hadi gunia likamponyoka. Alikuwa mtu wa makamo, shati lake limepigwa pasi vizuri. "Mama gani?"

"Yule uliyemchukua Ngara! Umempeleka wapi?"

"Yule mathe wa buibui? Nilimshusha Parklands, madam. Nilimshusha kitambo."

Nilifungua mlango wa nyuma kwa nguvu. Kiti kilikuwa kitupu. Nikapiga namba ya mama, na simu ikalia chini ya kiti cha mbele, ikitetema juu ya zulia pamoja na kitambaa chake cha kufutia macho. Niliiokota. Jina langu lilikuwa likiwaka juu ya kioo chake.

Hofu niliyokuja nayo ilikuwa na umbo: mtu mbaya, gari, barabara. Ile iliyonishika pale Kinoo haikuwa na umbo lolote. Mama yangu alikuwa mahali fulani katika mji huu, haoni, hana simu, na hakuna mtu hata mmoja duniani aliyejua ni wapi.

"Ulimshusha wapi hasa?" nilimuuliza dereva.

"Penye ramani ilisema. Kliniki ya macho." Alinionyesha simu yake. "Iko hapa, ona. Kulikuwa na geti ya mabati. Nikamwambia, mathe tumefika, geti ndio hiyo mbele yako. Akanishukuru. Madam, haki ya Mungu, mimi sikujua haoni. Alikuwa ananiongelesha vizuri tu."

Nilitazama ile alama kwenye ramani yake na nikaelewa. Kliniki ya macho ilikuwa imehama. Zamani ilikuwa katika nyumba ya peke yake, mtaa mwingine nyuma ya hospitali, kabla ya kuingizwa kwenye jengo kuu. Ile nyumba ilikwisha kubomolewa. Mjini haikuwepo tena, lakini kwenye ramani bado ilikuwa imesimama.

"Ingia," dereva alisema. "Nitakurudisha."

Aliendesha, na mimi nikampigia ndugu yangu kumweleza. Alikuwa amekwisha kukauka sauti. Nilimtajia mtaa. Tulipofika, alikuwa yuko pale tayari, anatembea huku na huku mbele ya uzio wa mabati, na alipomwona dereva akishuka alimkamata kola ya shati.

"Unamwacha mzee kipofu barabarani? Unamtupa kama takataka?"

Dereva hakujitetea. Alisimama mikono chini. Mlinzi wa jengo la jirani, mtu mrefu mwenye lafudhi ya magharibi, alitoka kwenye kibanda chake akaingia kati yao. "Wazee, wazee. Mkipigana hapa mtapata mama? Mama alikuwa amevaa nini?"

"Buibui nyeusi," nilisema. "Ana mwamvuli wa bluu."

Mlinzi aliwaza. Yeye aliingia zamu muda si mrefu, alisema, hakumwona. Lakini alitazama juu, kwenye kona ya ukuta, nasi tukafuata macho yake. Kulikuwa na kamera. Nikageuka, nikaona nyingine kwenye jengo la ng'ambo, na nyingine juu ya geti lililofuata.

"Ni lazima bosi aruhusu," alisema mlinzi kwa sauti ya chini. Kisha akanitazama usoni. "Lakini hata mimi niko na mama. Ingieni. Haraka."

Chumba cha kamera kilikuwa chini ya ardhi, karibu na maegesho, hakina dirisha. Alirudisha picha nyuma. Magari yalikwenda kinyumenyume, watu walitembea kinyumenyume, na ghafla akatokea: kitu kidogo cheusi chenye mstari wa bluu. Ndugu yangu alitoa sauti kama mtu aliyechomwa mwiba.

Tulimtazama. Alisimama mbele ya mabati, akayapapasa kwa kiganja, akatafuta mlango usiokuwepo. Alimsimamisha kijana mmoja, yule akatikisa kichwa bila kutoa vile vitu vya masikioni. Alimsimamisha mwanamke, naye akamwonyesha kwa kidole mahali fulani, yeye mama yangu ambaye hakuweza kuona kidole. Mpeleka chakula wa pikipiki alimpita karibu hadi buibui ikapepea. Halafu mama akaacha kuuliza. Alijiegemeza ukutani, mwamvuli mbele yake, akatulia kabisa.

"Anafanya nini?" dereva aliuliza. Sikujua kuwa alikuwa ametufuata hadi humo.

"Anangoja," nilisema, ingawa sikujua anangoja nini.

Mlinzi alipeleka picha mbele. Mama aliinua kichwa kwa ghafla, kama mtu aliyeitwa. Aligeuza uso huku, akaugeuza kule. Kisha akaanza kutembea kwa uhakika, haraka, mwamvuli ukigonga ukingo wa barabara. Alikuwa anakwenda upande wa kulia wa picha, na msikiti uko kushoto, na hospitali iko kushoto. Alifika ukingoni mwa skrini, akatoka.

Tulipanda ngazi tukikimbia. Mlinzi alimpigia mwenzake wa jengo la pili kwa redio ya mkononi, na huyo alitukuta getini, ameshafungua. Skrini yake ilikuwa ndogo, picha haina rangi. Mama aliingia kutoka kushoto. Alipita geti, akapita nguzo ya umeme, akafika kwenye uzio mwingine wa mabati. Aliufuata kwa mkono. Mkono wake ulifika penye pengo, bati moja limefunguliwa ili vibarua wapite, na pale akasimama. Alilipapasa lile pengo juu na chini. Nilijua anachofikiri kana kwamba alikuwa akiniambia. Pale palikuwa na kichochoro zamani, cha kukata kutoka mtaa huu hadi ule wa msikiti. Alitupitisha humo tulipokuwa watoto.

Aliinama, akaingia. Picha ikabaki na uzio mtupu.

Huyu mlinzi wa pili hakujua ni mama yetu. Alisema polepole, kama mtu anayejisemea, "Lakini hapo ndani wamechimba msingi. Hapo ni shimo."

Sina maneno ya zile hatua kutoka pale hadi kwenye pengo. Ndugu yangu alikuwa mbele yangu, dereva alikuwa ubavuni mwangu, na nilisikia kiatu changu kimoja kikitoka na sikukirudia. Nilikuwa nasema "Ya Latifu, ya Latifu," dua ambayo mama mwenyewe huisoma jambo likizidi. Ndani ya uzio vumbi lilinipiga machoni. Mashine kubwa ilikuwa imezimwa, na ukimya wake ndio ulionitisha zaidi. Vibarua walikuwa wamesimama makundi makundi. Mbele yao ardhi iliishia tu, na upande wa pili ukuta wa udongo mwekundu uliteremka hadi chini nisikokuona.

"Mama!" ndugu yangu alipiga yowe.

"Niko huku. Usinipigie kelele."

Alikuwa chini ya turubai la mwanamke anayewapikia vibarua, amekalia ndoo iliyopinduliwa, kikombe cha chai kikiwa miguuni mwake, hakijaguswa. Mwamvuli ulikuwa mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Nilipopiga magoti na kumkumbatia, nilihisi mwili wake wote ukitetemeka ndani kwa ndani, kama chungu kinachochemka. Nilijaribu kuutoa mwamvuli mikononi mwake. Vidole havikufunguka.

"Huyo mama tumemkuta pale ukingoni," mpishi alisema. Alikuwa mwanamke mnene mwenye aproni iliyopauka. "Amesimama tu wima. Amepiga kelele lakini mashine ilikuwa inanguruma, nani atasikia? Mimi niligeuka kumwaga maji nikamwona. Niliogopa kumwita, nikafikiri atashtuka aende mbele. Nilienda polepole nikamshika kiuno."

"Mbona hamkupiga simu?" ndugu yangu aliuliza, na sauti yake bado ilikuwa na ukali.

"Tumepiga! Alitupatia namba. Inasema hiyo namba haipo."

Mama aliitaja ile namba kwa sauti ndogo. Ilikuwa ya simu ya mezani ya nyumba yetu, iliyokatwa tungali shuleni. Zetu zilikuwa ndani ya simu yake, na yeye hakuwahi kuhitaji kuziweka kichwani.

Baadaye, alipokwisha kunywa ile chai ikiwa baridi, alitueleza. Aliposhushwa alijua mara moja kwamba si mahali pake, kwa kuwa hakusikia kelele za watu wa hospitali. Watu aliowauliza hawakumpa jibu la kumfaa. Akaona bora angoje adhana ya adhuhuri, kwa sababu msikiti haujahama, na kutoka msikitini angeifikia hospitali hata akilala. Adhana ikaja. Lakini ilitoka upande usio wake.

"Nimeisikia waziwazi, mwanangu. Kulia kwangu. Nikasema, labda nimegeuka bila kujua."

Nilitazama juu. Upande ule palikuwa na jengo la vioo, jipya, pana kama jabali, limeelekeana na msikiti. Sauti ilikuwa imegonga pale na kurudi. Nyumba za vigae hazikuwahi kurudisha sauti ya mtu.

"Nikapata kichochoro, nikafurahi," aliendelea. "Kisha nikasikia harufu ya udongo mbichi. Upepo ukanijia kutoka chini, kwenye miguu. Nikatanguliza mwamvuli. Haukugonga kitu. Nikataka kurudi nyuma, lakini nikasahau nyuma ni wapi."

Dereva alikuwa amesimama nje ya turubai. Alichuchumaa mbele ya mama. "Mathe, nisamehe. Mimi ndio nilikuleta."

Mama alinyoosha mkono hadi ukagusa bega lake. "Wewe ulipelekwa na simu, nami nikapelekwa na sikio. Sote tumepotea. Haya, nani ataniondoa hapa? Nina daktari mie."

Tulidhani anatania. Hakuwa anatania. Alitaka kliniki, siku ile ile, na vumbi lake lote. Dereva alitupeleka hadi mlango halisi, na ndugu yangu, ambaye hakuwa amemsemesha tangu ule ugomvi, alimpa mkono kabla ya kushuka. Daktari alipima presha ya macho, akakunja uso, akapima tena. Ilikuwa imepanda vibaya. Alisema hawezi kungoja tena dawa, atafanya upasuaji. Ulifanywa wiki hiyo. Jicho la kulia halikuokoka. La kushoto lilibaki na kile kidogo chake: mwanga wa dirisha, kivuli cha mtu mlangoni, rangi ya nguo ukiisogeza karibu.

Nilimchukua mama akae kwangu. Alivumilia majuma machache, kisha akasema huku hamjui hata muuza mkaa, arudishwe Ngara. Ndugu yangu alihamia kwake. Mama hatembei tena peke yake, na wala hakusema kwamba ataacha. Aliacha tu, siku moja baada ya nyingine, na sisi hatukuthubutu kulizungumza. Ndugu yangu aliripoti lile kosa la ramani. Alipata jibu la kumshukuru, na baada ya muda ile nyumba iliyobomolewa ikafutwa.

Nilirudi Parklands peke yangu, asubuhi moja, nimemchukulia yule mpishi doti ya leso. Msingi ulikuwa umejazwa zege na nguzo zilikuwa zimeanza kusimama. Chini ya turubai alikuwa mwanamke mwingine. Yule wa kwanza, aliniambia, amefuata vibarua wake kwenye jengo jingine, hakujua ni mtaa gani, na namba yake hakuwa nayo. Nilimuuliza kila mtu aliyekuwapo. Kisha mashine ikaanza kunguruma, tukawa hatusikilizani, nikatoka na leso zangu mkononi kwenda kazini.